Bosi kasema nichague kimoja: kozi au kongamano?

Maswali ya kazi mwezi huu yamekuja mengi ila ukiyasoma vizuri ni swali lile lile kwa sura tofauti, watu wanataka kujua kama kuna faida yoyote ya kwenda kwenye kongamano la fani yako wakati hela hiyo hiyo na muda huo huo ungeweza kwenda kozi ukarudi na cheti. Nimechagua barua chache, nyingine nimezifupisha maana zilikuwa ndefu kuliko majibu.

Swali: Habari dada. Mimi ni mchambuzi wa data, nipo kwenye hii kazi mwaka wa sita sasa. Bosi kaniambia bajeti ya mafunzo inatosha kitu kimoja tu kwa mwaka huu, nichague kozi ya siku tatu ya programu ya kutengeneza grafu na ripoti (ambayo ndo naitumia kila siku) au kongamano la wachambuzi la siku mbili. Moyo unataka kongamano lakini wenzangu ofisini wananicheka, wanasema kule ni kwenda kula, kupiga picha na kuvaa beji shingoni. Wewe unasemaje? – Mchambuzi

Jibu: Nenda kongamano. Sasa ngoja nikueleze kwanini, maana najua bosi hatakubali jibu la maneno mawili.

Kozi huwa imeshaandaliwa kabla hujafika. Kuna mtu alikaa chini akaamua mada ya kwanza iwe hii, ya pili hii, zoezi liwe hili, na ili kitu kiingie kwenye mtaala lazima kwanza kiwe kimetulia, watu wa fani wameshakubaliana kwamba hivi ndivyo kinavyofanyika. Kwahiyo kozi ni nzuri mno pale ambapo unajua kabisa ni nini hukijui. Hujui kuandika makro (zile amri zinazoifanya programu irudie kazi yenyewe), unaenda kozi ya makro, unatoka unajua, habari imeisha. Lakini wewe mtu wa miaka sita kwenye programu hiyo hiyo, siku ya kwanza utafundishwa menyu ambazo unazifungua ukiwa umefumba macho, siku ya pili utakaa unasubiri wenzio wamalize zoezi, siku ya tatu labda ndo utasikia kitu kipya, na hicho kitu kwa uzoefu ulionao ungekipata kwenye video fupi ukiwa mezani kwako.

Kongamano linaenda kinyume chake. Pale kuna watu wanaofanya kazi kama yako kwenye ofisi tofauti tofauti na kila mmoja kaja na kilichomsumbua mwaka huu, bado hakijatulia, bado wanabishana. Unakaa kwenye kiti unamsikiliza mtu anaonesha slaidi za jinsi timu yao ilivyoacha kabisa kutengeneza ripoti ya kila wiki kwasababu walienda kuangalia ni nani anaifungua wakakuta hakuna, na wewe pale pale unaanza kujiuliza, mbona sisi hatujawahi kuangalia ripoti zetu zinafunguliwa na nani? Hilo swali hakuna kozi ya programu ya grafu itakayokuuliza. Kozi itakufundisha kuitengeneza ile ripoti iwe nzuri zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wakemia, ni wa zamani ila nivumilie. Mwaka 1860, mwezi wa tisa, wakemia kama 140 hivi walikutana Karlsruhe, Ujerumani, kwa siku tatu. Shida yao ilikuwa kwamba kila mmoja alikuwa na hesabu zake za uzito wa atomu, hata maji tu hawakukubaliana fomula yake, wengine waliandika HO na wengine H2O, kwahiyo ukisoma kazi ya mwenzio ilibidi kwanza ujue yuko kambi gani. Wakabishana zile siku tatu na hawakufikia mwafaka wowote wa maana. Yani ukiangalia ratiba peke yake utasema kongamano limefeli. Lakini alikuwepo Muitaliano, Stanislao Cannizzaro, ambaye alitoa hoja yake kwa nguvu, na mwishoni watu wanaondoka rafiki yake Angelo Pavesi akawa anawagawia kijitabu cha Cannizzaro. Mkemia wa Kijerumani, Lothar Meyer, akakiweka mfukoni akakisoma baadae akaona kila kitu kimekaa sawa. Na Dmitri Mendeleev, kijana wa miaka 26 kutoka Urusi, naye alikuwemo kwenye ule mkutano, ndo yule yule ambaye mwaka 1869 alitoa jedwali la elementi ambalo mpaka leo liko ukutani kwenye kila maabara.

Sasa kwanini nakwambia hii. Kile kijitabu kilikuwa kimechapishwa tangu 1858, na kichwa chake kilisema wazi kwamba ni muhtasari wa kozi, kozi ya kemia ambayo Cannizzaro alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake Genoa. Kozi ilikuwepo! Majibu yalikuwemo ndani ya kozi kwa miaka miwili, na nje ya Genoa waliojua walikuwa wachache. Ilibidi watu wakusanywe chumba kimoja, wagombane, wachoke, halafu mtu awawekee karatasi mkononi wakati wanaelekea mlangoni. Hapo ndo kongamano linapofanya kazi yake, na kama umeona, haikuwa kwenye ratiba.

Kuna na kingine, cha karibu na kazi yako. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, kwenye kongamano la watu wa kompyuta, Douglas Engelbart alikaa jukwaani dakika 90 akaonesha kipanya, maandishi unayobofya yakakupeleka kwingine, na watu wawili walio mbali wakifanya kazi kwenye hati moja huku wanaonana kwenye skrini. Mwaka 1968. Niambie ni kozi gani ya mwaka huo ungejiandikisha ili ufundishwe kipanya. Haikuwepo, isingeweza kuwepo, kozi inakuja miaka mingi baadae kitu kikishazoeleka. Sikwambii kwamba kila kongamano utaona maajabu ya namna hiyo, mengi ni ya kawaida tu na mada nyingine zinachosha kupita maelezo, ila kitu kipya kwenye fani kikitokea, mara nyingi kinapita huko kwanza.

Halafu watu. Wenzio wanacheka beji, waache wacheke. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji watu waliobadilisha kazi kwenye kitongoji kimoja cha Boston, akachapisha matokeo mwaka 1973, na kati ya wale waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, ni asilimia 16.7 tu ndo walimpata mtu huyo miongoni mwa wale wanaoonana nao mara kwa mara. Asilimia 55.6 walipata kwa mtu wanayeonana naye mara moja moja na asilimia 27.8 kwa mtu ambaye wanaonana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu ukiifikiria ni ya wazi kabisa, rafiki yako wa karibu anajua vitu vile vile unavyovijua wewe, mnakaa sehemu moja mnasikia habari moja, ila yule wa mbali anatoka kwenye mzunguko mwingine. Mwaka 2022 watafiti wakarudia jambo hilo wakitumia watu milioni 20 wa LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, wakakuta bado linasimama, ingawa wao waliona wanaosaidia zaidi ni wale wa katikati, sio wageni kabisa. Na haihusu kazi mpya tu. Ukikwama na tatizo la data mwezi wa saba, jamaa mliyeongea naye robo saa kwenye foleni ya chai ndo utamwandikia, na atakujibu kwasababu anakumbuka sura yako.

Kozini nako mtakutana watu, kweli, ila mtakuwa wote wanafunzi na wote mnatazama mbele kwa mwalimu.

Swali: Dada mambo. Mimi ni mhasibu, nimeajiriwa miezi minne iliyopita, ni kazi yangu ya kwanza. Kuna kongamano la wahasibu na meneja kasema anaweza kunipeleka. Ila bado mahesabu ya kodi yananichanganya. Niende? – Mgeni ofisini

Jibu: Mdogo wangu, omba kozi. Mwambie meneja asante sana, mwakani ntaenda kongamano, sa hizi naomba mafunzo ya kodi.

Sitaki watu wasome jibu la juu wakadhani mi nachukia kozi. Mtu asiye na msingi akienda kongamano ni kama mgeni aliyekaribishwa kwenye kikao cha ukoo wa watu, kila kinachosemwa kina historia yake, wenzio wanacheka we hujui kichekesho kiko wapi. Wazungumzaji hawafafanui maneno, wanaruka hatua, wanasema "kama mnavyojua" na wewe hujui. Kozi kuna mazoezi, kuna mtu wa kukusahihisha papo hapo, unaruhusiwa kuuliza swali la mwanzo kabisa bila mtu kugeuka kukutazama. Kitu cha mikono au cha hesabu kinataka hivyo, kurudia rudia mpaka kikae. Kanuni za kodi hazijifunzwi kwa kusikiliza prezentesheni ya dakika ishirini.

Ila usisubiri mpaka uwe mbobezi ndo uende kongamano, huko nako ni kupoteza. Ukifika ile hatua ambayo kazi unaifanya bila kushika mkono wa mtu na umeanza kuona baadhi ya taratibu za ofisini haziko sawa ila hujui wengine wanafanyaje, hapo muda wako umefika.

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mkutubi. Nimewahi kwenda kongamano moja, nilikaa kiti cha nyuma nikasikiliza mada zote kuanzia asubuhi mpaka jioni siku zote mbili, mapumziko nilikuwa nasimama pembeni nachezea simu, nikarudi nyumbani na kalamu ya bure na mfuko wa nguo. Sina aibu sana lakini kuwafuata watu nisiowajua siwezi. Watu kama sisi si bora kozi tu? – Mkimya

Jibu: Marahaba. Hapana, sio bora kozi, bora kubadilisha namna ya kwenda.

Kwanza hizo mada zote kuanzia asubuhi mpaka jioni, nani alikulazimisha? Ratiba ya kongamano sio ratiba ya shule. Mtu anayeitwa Harrison Owen, ambaye tangu katikati ya miaka ya 1980 alikuwa anaendesha mikutano isiyo na ajenda ya kupangwa, alikuwa na sheria yake moja, kwamba kama hapo ulipo hujifunzi kitu na huchangii kitu basi tumia miguu yako uende sehemu nyingine. Ni sheria ya mikutano yake yeye lakini we itumie popote. Chukua ratiba siku mbili tatu kabla, weka alama kwenye mada chache ambazo ukikosa utaumia, zilizobaki ziwe za ziada. Na ukichagua, ruka hotuba za wakubwa wa ufunguzi kama huna sababu maalum (hizo mara nyingi hurekodiwa au zimeshasemwa mahali pengine), tafuta vile vyumba vidogo ambako mtu anaeleza kitu alichojaribu kwenye maktaba yake kikaenda vibaya. Huko ndo kuna mali. Mtu aliyeshindwa akaja kusema mbele za watu huwa anajua mengi kuliko aliyefanikiwa kwa bahati.

Sasa kuhusu kuongea. Ukimya wako una dawa na dawa yenyewe inaitwa bango. Makongamano mengi ya kitaaluma yana sehemu ya mabango, mtu anabandika kazi yake kwenye ubao anasimama pembeni yake, na kazi yake pale ni kusubiri mtu yeyote aje amuulize. Umeelewa uzuri wake? Huyo mtu anakuombea uje. Amesimama na viatu vinambana, watu wanapita wanatupa jicho wanaondoka, we ukisimama mbele yake ukasoma kichwa cha habari ukasema "hii mmeifanyaje?" umempa raha ya siku nzima. Ataongea yeye dakika tano mfululizo we unaitikia tu. Ukiona limekugusa uliza la pili, ni kitu gani kilikuwa kigumu zaidi, hapo sasa anaacha kusoma bango anaanza kukuhadithia kweli kweli, anashusha na sauti kidogo, anakwambia mfumo wa katalogi waliununua ukawasumbua, wafanyakazi wakaurudia ule wa zamani kimya kimya, na kwenye bango hilo halimo.

Njia ya pili, na hii watu wakimya wanaiogopa wakati imetengenezwa kwa ajili yao, ni wewe ndo ulete bango au mada fupi. Najua, najua. Lakini hebu fikiria, mtu asiyeweza kuwafuata watu anahitaji nini? Anahitaji watu wamfuate yeye. Ukishasimama dakika tano ukasema sisi kwenye maktaba yetu tulifuta faini za kuchelewesha vitabu na haya ndo tuliyoyaona, basi siku nzima iliyobaki watu watakuja wenyewe, "we si ndo yule wa faini?", na mazungumzo yameshaanza bila wewe kutafuta la kusema. Kikubwa ni kwamba ukiandaa ile mada utailazimisha akili yako kupanga unachokijua, na nakuhakikishia utagundua kuna sehemu ulikuwa unafanya kwa mazoea tu hujui sababu yake. Kozi haikupi hiyo nafasi hata siku moja.

Mambo madogo madogo: kaa viti vya katikati sio nyuma, jirani yako ndo mtu wa kwanza wa kuongea naye na swali ni jepesi, "umetokea maktaba gani?" Kama mmeenda wawili kutoka ofisi moja, tenganeni, mkishikamana kutwa nzima mmehamisha ofisi tu. Simu weka mfukoni wakati wa mapumziko, mtu anayetazama simu anaonekana ana shughuli, hakuna atakayemsogelea.

Na jioni, kabla hujalala, funga daftari uandike kwa kichwa yale matatu manne uliyoyasikia, bila kuchungulia. Usiiache mpaka wiki ijayo. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu mwenyewe akachapisha mwaka 1885, akakuta kwamba tunachokariri kinapotea kwa kasi sana kwenye siku ya kwanza halafu baada ya hapo kinapungua taratibu. Yeye alikuwa anakariri silabi zisizo na maana, mada za kongamano zina maana kidogo (wakati mwingine), lakini mwelekeo ni huo huo. Na mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionesha kwamba ukijilazimisha kukumbuka bila kutazama, baada ya wiki utakuwa umebakiza kingi kuliko aliyesoma tena na tena. Ndo maana nimesema funga daftari.

Swali: Bosi wangu anasema kozi ina cheti, anakiona, anakiweka kwenye faili. Kongamano lina nini? Nimekosa la kumjibu. – Afisa rasilimali watu

Jibu: Bosi wako ana hoja na usibishane naye kwenye hilo. Cheti ni kitu cha kushika. Na kama kazi yenu inataka sifa fulani kisheria, mfano kuendesha mtambo au huduma ya kwanza, basi kozi ndo kozi, usiende kongamano ukasema umefuzu.

Ila kwenye mengine mpe kitu cha kushika pia. Badala ya kumwandikia "naomba kuhudhuria kongamano kwa ajili ya kujifunza na kujenga mtandao", ambayo kila bosi ameshaisoma akaichoka, andika kitu kama hiki:

"Bosi, miezi hii tumekuwa na shida ya wafanyakazi wapya kuacha kazi kabla hawajamaliza miezi ya majaribio. Kwenye ratiba ya kongamano kuna mada mbili za jambo hilo, siku ya kwanza saa nne na siku ya pili saa nane, na mtoa mada mmoja anatoka kwenye kampuni yenye ukubwa kama wetu. Ntaenda na maswali haya matatu. Nikirudi, Alhamisi ya wiki inayofuata naomba nusu saa nieleze timu nilichokipata na kipi tujaribu. Kazi zangu za siku hizo mbili nimeshapanga na mwenzangu."

Hayo maswali matatu yaandike kweli kweli yawe ya ofisi yenu. Bosi akiyasoma akaona hata yeye anataka majibu yake, umemaliza. Na ile nusu saa usiikwepe, maana ukirudi ukakaa kimya, mwakani hata anayekuja nyuma yako atanyimwa. Usiwasomee slaidi za watu, sema vitu viwili tu vya kujaribu na kimoja ambacho wenzetu wamejaribu wakajuta, hicho cha kujuta ndo mabosi wanakipenda maana kinawaokolea hela waziwazi.

Kama unataka kumbana kidogo, muulize kozi ya mwisho iliyolipiwa ilibadilisha nini kazini. Donald Kirkpatrick tangu mwaka 1959 alikuwa anawaambia watu wa mafunzo wapime ngazi nne: watu waliipenda, walijifunza, wanafanya kazi tofauti, na matokeo ya ofisi yamebadilika. Cheti kwenye faili kikijitahidi sana kinakufikisha ngazi ya pili. Muulize kwa upole lakini.

Swali: Nimepata emaili inasema nimechaguliwa kuwa mzungumzaji mkuu kwenye kongamano la kimataifa, wanasema wameona kazi zangu bora. Mimi ni mwalimu wa fizikia sijawahi kuandika chochote. Natakiwa nilipie ada ya usajili ndani ya siku tano. Ni kweli? – Mwalimu

Jibu: Mwalimu, kazi gani walizoziona kama hujaandika? Usilipe.

Haya makongamano ya kutafuta ada yapo mengi na dalili zake zinafanana. Jina refu linalochanganya fani ambazo hazikai pamoja, fizikia na afya na biashara na uhandisi chumba kimoja. Sifa nyingi bila kutaja hata kitu kimoja ulichofanya. Haraka. Kamati ya watu ambao ukiwatafuta vyuoni kwao huwapati, au unawapata na hawana habari kama majina yao yametumika. Na ukituma mada wanaikubali kesho yake asubuhi.

Hiyo ya mwisho ndo kipimo kizuri. Mwaka 2005 wanafunzi watatu wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walitengeneza programu inayobambikiza maneno ya sayansi ya kompyuta yakaonekana kama utafiti, pamoja na michoro na kila kitu, ila ndani hakuna maana hata chembe. Wakatuma makala moja ya programu hiyo kwenye kongamano lililokuwa lifanyike Florida, ikakubaliwa. Wakacheka wakaiweka programu hiyo wazi kila mtu aitumie. Mwaka 2014 wachapishaji wawili wakubwa wakajikuta wanaondoa zaidi ya makala 120 za namna hiyo, nyingi zikiwa za makongamano. Kwahiyo hata mahali penye jina panaweza kulala usingizi.

Fanya hivi: uliza chama cha kitaaluma cha walimu wa somo lako kama wanalijua. Tafuta ratiba ya mwaka jana, na mtu mmoja aliyezungumza mwaka jana umwandikie umuulize lilikuwaje. Kongamano la kweli linaacha nyayo, mada, picha za watu wanaojulikana, kitabu cha ikisiri (muhtasari wa mada). Ukikosa yote hayo futa hiyo emaili, na kama moyo unataka kuzungumza, kongamano la walimu la karibu na wewe watakupokea vizuri zaidi na bango la jinsi unavyofundisha mawimbi bila vifaa vya maabara.

Swali: Kongamano la mtandaoni nalo lina faida hizo hizo? – Wa mbali

Jibu: Nusu. Mada utazipata zote, tena unaweza kusimamisha ukarudia, na kama una watoto wadogo au safari haiwezekani ni bora mara mia kuliko kukosa. Ila ile nusu ya korido, yani kuongea na watu nje ya mada, haipo yenyewe, lazima uitengeneze. Ingia kwenye vile vyumba vidogo vya majadiliano na ufungue kamera, andika swali lako kwenye chati mapema kabla mtoa mada hajamaliza maana yanayokuja mwishoni hayasomwi, na siku hiyo hiyo mwandikie mtu mmoja mistari miwili ukitaja kitu maalum alichosema. Watu wengi wanashangaa kwamba wanajibiwa. Watoa mada wa mtandaoni wanaongea na skrini yenye majina tu, wana njaa ya kujua kama kuna mtu alisikia.

Kitu kimoja usifanye, kufungua kongamano kwenye dirisha moja na kazi za ofisi kwenye dirisha lingine. Omba ruhusa hasa kama mtu anayesafiri, au chagua mada mbili tu uzisikilize ukiwa umekaa kwa ajili yake.

Swali: Pointi za kuhuisha leseni zinapatikana kwenye kongamano au ni kozi peke yake? – Muuguzi

Jibu: Inategemea baraza lako la taaluma, mengi yanazikubali zote mbili ila hesabu zinatofautiana, na mengine yanataka kongamano liwe limesajiliwa kwao kabla halijafanyika. Waulize wao kabla ya kulipa, kwa maandishi, na ukifika usiondoke bila kusaini ile karatasi ya mahudhurio ya kila siku, maana watu huisaini siku ya kwanza tu halafu wanashangaa pointi zimekuja nusu.